Malimbikizo ya Mzee Mvua

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mvua, na wengi wa waliomwita hivyo hawakujua tena kwa nini. Watoto walidhani ni kwa sababu ya mwavuli wake mweusi. Fundi cherehani wa pale kona alidai ni kwa sababu mzee huyo akianza kueleza jambo hakatiki. "Hiyo ni mvua ya siku tatu," alikuwa akiwaambia wateja, mguu uko kwenye pedali. "Ukiiona inaanza, anua nguo zako uingie ndani."

Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini na minne mzee huyo alikuwa mpimaji katika kituo cha hali ya hewa. Kila asubuhi, saa tatu kamili, alivuka uwanja wa majani yaliyokatwa mafupi, akafungua kibanda cheupe kilichohifadhi vipimajoto, akasoma na kuandika. Kisha aliinama kwenye kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji ya mvua katika bilauri nyembamba yenye mistari ya milimita. Aliiinua hadi ikawa sawa na jicho lake, akasubiri maji yatulie. Katika kusubiri huko dunia ilinyamaza. Magari ya barabarani yalikuwa mbali, mshahara ulikuwa mbali, hata jina lake lilikuwa mbali. Palibaki maji, mstari, na mtu mmoja aliyekula kiapo cha kusema yamefika wapi.

Kazi hiyo ilimfundisha mambo ambayo mtu mwingine angeyaona ni ukorofi tu. Mvua inayokutwa ndani ya kopo saa tatu asubuhi haiandikwi kwa siku hiyo. Huandikwa kwa siku iliyotangulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya saa ilizonyesha ni za jana. Wapimaji wapya hukosea hapo kwa wiki ya kwanza, baadaye kanuni huwaingia mwilini, wasiifikirie tena. Na siku ambayo haikupimwa, kwa ugonjwa au kwa uzembe, nafasi yake huandikwa hivyo hivyo: haikupimwa. Hakuna kukisia. Hakuna kurudi kesho yake na kutia tarakimu inayofanana na jirani zake ili ukurasa upendeze.

Alipostaafu, pensheni yake ilikokotolewa kwa ngazi ya mshahara ndogo kuliko yake. Karani fulani alisoma safu ya juu badala ya safu ya chini, na kulirekebisha kosa la dakika moja kulichukua miaka minne ya barua. Mzee hakugombana na mtu. Aliandika barua moja kila baada ya miezi mitatu, akaweka nakala, akangoja. Januari ya mwaka jana malimbikizo ya miaka yote minne yaliingia benki kwa siku moja.

Siku hiyo alikaa na mkewe mezani, karatasi ya benki katikati yao. Mkewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na kila mtu, mumewe akiwemo, alimwita Mwalimu. Hakuweza kuisoma karatasi ile. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na vitu vyote vilimjia kama vimo nyuma ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Zimetimia?" aliuliza.

"Zimetimia, na za nauli zimebaki."

"Basi hayo ni macho yangu," Mwalimu alisema, akaipapasa karatasi kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa.

Hospitali ya macho ilikuwa na foleni ndefu, wakapewa tarehe ya Oktoba. Wakaanza kuingoja. Alasiri mzee alimsomea mkewe gazeti, naye Mwalimu alilala kidogo kitini, akaamka, akauliza habari iliyoachwa njiani. Siku zilipita hivyo, laini, zikifanana, hata mzee akashindwa kukumbuka ni wiki ipi walisoma nini.

Lakini Januari ile ile kulianza sheria mpya ya kodi. Zamani pensheni haikuguswa. Sasa iliwekwa kapu moja na mapato mengine ya mwaka: ambaye kapu lake halikufika kiwango fulani hakulipa kitu, na aliyekipita alilipia kilichozidi. Wakubwa walitangaza redioni kwamba wastaafu wadogo wasiwe na wasiwasi, na kwa pensheni ya mwezi kwa mwezi ya Mzee Mvua maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Hakuna aliyesema neno juu ya mtu ambaye haki yake ya miaka minne iliyocheleweshwa na serikali yenyewe ingeangukia mwaka mmoja. Labda hawakumfikiria. Mtu anayetunga sheria bila kumfikiria atakayeibeba hana haki ya kusema hakukusudia.

Mwezi wa sita, mwaka wa kodi ulipokuwa unafungwa, mzee alijaza fomu ya kodi kwa rula na kalamu ya wino. Alipofika kwenye malimbikizo mkono wake haukusita hata kidogo. Katika nafasi ya mapato ya mwaka aliandika pensheni ya kila mwezi peke yake. Chini, palipokuwa peupe, alichora jedwali dogo la miaka minne iliyopita na kuupa kila mwaka sehemu yake. Fedha zile zilikuwa mvua ya jana iliyokutwa kwenye kopo leo. Hakujiuliza kama ofisi ya kodi nayo inahesabu hivyo. Alipiga mstari wa mwisho, akapuliza wino, akalala vizuri.

Barua ilikuja wiki tatu kabla ya tarehe ya hospitali. Aliifungua mbele ya Mwalimu, kama alivyofungua barua zote, na kuanza kumsomea. Ofisi ilikuwa imelinganisha fomu yake na taarifa za benki na kukuta mapato makubwa hayakuwekwa katika mwaka yalipopokelewa. Kwa hiyo anatakiwa kulipa kodi ya nyongeza pamoja na faini. Kisha akasoma anwani ya ofisi na saa za kazi.

"Umeruka mstari," Mwalimu alisema.

"Sijaruka."

"Mume wangu, nimekaa na darasa la kwanza miaka thelathini. Najua pumzi ya mtu anayeruka mstari. Rudi juu."

Alirudi juu, akasoma kiasi kinachodaiwa. Mwalimu aliuelekeza uso dirishani kwenye mwanga ambao kwake haukuwa na umbo. Kodi na faini, zikijumlishwa, zingemeza karibu fedha zote za macho.

"Kesho nenda kawaulize," alisema mwishowe. "Uulize, usihutubie."

Ukumbi wa ofisi ya kodi ulikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, na kila aliyeingia alipewa kipande cha karatasi chenye namba. Yeye alipata sitini na moja. Namba iliyokuwa ukutani ilikuwa kumi na tisa. Juu, feni ilizunguka polepole, na bila kukusudia mzee akaanza kuhesabu mizunguko yake kwa dakika, kama alivyokuwa akihesabu vikombe vya kupimia upepo. Usingizi mwepesi ukamchukua. Aliuona uwanja wa kituo, majani yana umande, na badala ya kopo moja yako makopo manne yamepangwa mstari, kila moja na mwaka wake. Akainama kwenye la kwanza, limejaa. La pili, limejaa. Alitaka kumwita mtu aje kuona, lakini uwanja ulikuwa mpana na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa Mwalimu, amesimama mbali kidogo, akitazama upande ambao hakukuwa na kitu.

"Sitini na moja. Babu, sitini na moja ni wewe?"

Afisa wa dirisha la nne alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Aliisoma barua, akafungua faili, akaikuta fomu yenye jedwali. Aliitazama kwa muda.

"Hii rula ni yako mwenyewe?"

"Ni yangu."

"Mwandiko mzuri, hesabu sahihi, umeweka mahali sipo." Alimgeuzia fomu. "Sheria inasema fedha ni za mwaka ulipozipokea. Wewe umezirudisha nyuma."

"Zilikuwa za nyuma, mjukuu wangu."

"Najua. Na sheria inakuruhusu uzirudishe. Mstaafu akilipwa malimbikizo anaweza kuomba yahesabiwe katika miaka yake, na miaka yako yote minne ni ya sheria ya zamani, usingelipa hata senti. Ila kuna fomu ya ombi, inaambatanishwa kabla mwezi wa sita haujaisha. Hujaambatanisha."

"Sikujua kama ipo."

"Hakuna anayejua. Sisi wenyewe tulizipokea mwezi wa tano."

Aliinuka, akatoka, akarudi na karatasi ya kijani. Akaisukuma chini ya kioo na kushusha sauti.

"Babu, sikiliza. Jaza hii. Hapo chini andika tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita. Mimi naiweka kwenye faili nyuma ya fomu yako. Mafaili ya mwezi ule yalihamishwa chumba, kila mtu anajua yalichanganyika. Itakuwa ilikuwepo, haikuonekana. Kodi inafutika, faini inafutika, unakwenda nyumbani."

Mzee aliitazama karatasi. Kila kitu ndani yake kingekuwa kweli, isipokuwa ile tarehe.

"Si wizi," binti alisema. "Ni haki yako. Nami nina bibi nyumbani."

Alisema kwa wema, bila kuomba chochote, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angedai rushwa mzee angeinuka na kuondoka. Wengi wa waliotuharibia ofisi za umma hawakuanza na wizi. Walianza na huruma ya namna hii, na tarehe moja iliyosogezwa kwa ajili ya mtu mwema.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Kesho nipo. Keshokutwa nahamishiwa dirisha lingine."

Aliporudi mtaani, fundi cherehani alimwona anavyotembea akasimamisha mashine. Mzee alimweleza, akasimulia mpaka mwisho, naye fundi kwa mara ya kwanza hakumkatiza.

"Ngoja nielewe," fundi alisema. "Hela ni zako."

"Ni zangu."

"Haki ni yako. Macho ni ya Mwalimu. Kinachokukwaza ni tarehe?"

"Tarehe."

"Mzee wangu, mimi hapa nina suruali ya mtu ambayo nimemwahidi Jumatatu tangu mwaka juzi. Na bado ananiamkia." Aliikanyaga pedali, akaiacha tena. "Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu. Sikutanii sasa. Saini hiyo karatasi."

Nyumbani Mwalimu alikuwa anachambua mboga kwa kupapasa, majani mabovu kulia, mazima kushoto. Mzee akaketi upande wa pili wa meza na kumweleza yote. Alijaribu kueleza bila kuegemea upande, kama anayesoma kipimo, lakini alijua anachokitaka: alitaka mkewe aseme neno, lolote, kisha yeye alifuate.

Mwalimu aliendelea kuchambua.

"Unataka nikuambie saini," alisema. "Utasaini. Halafu kila utakaponiona nasoma gazeti, utaiona ile tarehe imeandikwa kwenye paji la uso wangu. Au unataka nikuambie usisaini. Hapo utakuwa mtakatifu, kwa macho yangu mimi. Usinifanye kisingizio cha uongo wako, wala cha ukweli wako."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kalamu amepewa nani?"

Mwalimu akasukuma bakuli pembeni.

"Ila lipo jambo ulijue, usije ukasema nilikuficha. Naogopa. Asubuhi nikiamka, kabla sijafumbua macho, nabaki hivyo hivyo kwanza, kwa sababu nikiwa nimeyafumba bado inawezekana kwamba naona. Daktari amesema la kulia limekomaa, lisikae sana. Hilo ndilo jambo lenyewe. Sasa nenda ukafikirie huko nje, hapa unanizibia mwanga."

Alitoka uani akakaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabati ya jirani, na wingu jembamba lilikuwa limetanda juu, la aina isiyoleta mvua. Aliiwazia tarehe ile. Siku ishirini na nane ya mwezi wa sita alikuwa wapi? Alikumbuka. Alikuwa amekaa dirishani akimsomea Mwalimu habari ya daraja linalojengwa, naye alilala katikati ya daraja. Siku nzima haikuwa na fomu ya kijani ndani yake. Kuiandika kungekuwa kuingiza mkono katika siku ile tulivu na kuchomeka kitu ambacho hakikuwepo, mkewe amelala pale pale kitini. Na angemfanya yule binti wa dirisha la nne, ambaye bado ni mchanga kazini, abaki na faili moja analoliogopa kila mkaguzi akipita. Gharama ya macho ya Mwalimu ingelipwa na binti huyo pia.

Akaona vilevile, na hili halikumpa raha, kwamba mtu mwenye macho mazima amekaa kwenye ngazi akiamua juu ya macho ya mwenzake. Alikaa na mawazo hayo mawili mpaka wingu lilipobadilika rangi. Hakuna lililomshinda mwenzake. Akaingia ndani, akachukua kalamu.

Kesho yake aliisukuma fomu ya kijani chini ya kioo. Binti alitazama chini kabisa, penye tarehe. Ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Pembeni mzee alikuwa ameandika kwa herufi zilizosimama: *Haikuletwa kwa wakati wake. Sikujua kuwa ipo.*

"Babu, umejifunga mwenyewe."

"Nimejifunga."

"Na bibi?"

"Bibi amesema anaogopa."

Binti alichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha, akachukua faili lote na kuondoka nalo. Alikaa huko muda mrefu. Mwishowe alimwita mzee apite mlango wa ndani, kwenye chumba cha mkuu wa kitengo, mtu mnene aliyepandisha miwani juu ya kipara na kuisahau hapo.

"Nani alikufundisha kuandika fedha za mwaka huu kwenye mwaka jana?" mkuu aliuliza.

Mzee alimweleza juu ya kopo la shaba na saa tatu asubuhi. Alikumbuka agizo la mkewe akaeleza kwa ufupi.

"Nimesoma fomu za watu wengi waliosahau fedha," mkuu alisema. "Wewe wa kwanza kuzisahau kwa kuziandika." Hakucheka. Alikaa akitazama jedwali. "Faini naifuta. Faini ni ya anayeficha, na wewe umechora mpaka mistari. Kodi siwezi. Ombi limechelewa, na ushahidi kwamba limechelewa umeniletea wewe. Ungeniletea kitu kingine ningekipitisha, maana nisingejua."

"Ndiyo, mkuu."

"Nitaandika wizarani kwamba zile fomu zilitufikia zimechelewa. Huenda mwaka kesho wakaongeza muda. Kwako wewe haitasaidia."

"Itamsaidia mwingine."

"Labda," mkuu alisema, akaanza kuitafuta miwani yake mezani.

Mzee alilipa kodi benki siku hiyo hiyo. Zilizobaki zilitosha jicho moja.

Alimwambia Mwalimu akiwa amesimama mlangoni, bila kuvua viatu. Mwalimu akainuka kitini, akapapasa ukuta mpaka akamfikia, na kumpiga kofi dogo begani, si la mzaha sana.

"Hilo la mstari ulioruka," alisema. "Hili lingine sina cha kusema. La kulia, basi. Daktari alisema la kulia."

Oktoba ilifika. Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko foleni ya kulipia, na asubuhi iliyofuata nesi aliondoa kitambaa. Mwalimu alifumbua jicho, akamtazama mumewe kwa makini, kama anayemsahihisha.

"Hizo nyusi umeziota lini?"

"Zimekuwepo."

"Hazikuwepo," alisema, na machozi yakamtoka kwenye jicho jipya na la zamani vilevile, nesi akamkataza.

Walirudi kwa miguu kutoka kituo cha basi. Ni mtaa mfupi, wa kumalizwa kwa dakika tano. Mwalimu alisimama mbele ya kibao cha kwanza, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja na kusoma, silabi moja moja, sauti ya darasani: "Vi-pu-ri vya bai-si-ke-li." Akahamisha kiganja akaziba la kulia, na kibao kikazama tena katika maziwa. Akalifunua. Baiskeli zikarudi. Kwa jicho jipya, alimwambia mumewe, buluu ilikuwa kali kiasi cha kumtia aibu. Kwa lile la zamani anga lote lilikuwa rangi ya karatasi ya kale. Akaenda kibao cha pili. *Usiegeshe gari hapa.* Akaenda cha tatu. *Chumba kinapangishwa, muulize mama wa nyumba.* Alisoma bei za sabuni, alisoma tangazo la paka aliyepotea tangu mwaka juzi, alisoma namba ya nguzo ya umeme. Fundi cherehani aliinuka kwenye mashine yake akamwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na Mwalimu akamjibu kwa kumsomea maneno yaliyokuwa kwenye fulana yake.

Mzee alimngoja kwenye kila kibao. Alikuwa na la kushoto moyoni, na hakulisema. Walitumia karibu saa nzima na hawakuwa wamefika nusu ya mtaa. Mwalimu alibadili upande, akampitisha mumewe kushoto kwake, mahali ambapo bado hakuona kitu, akamshika mkono, na kugeuzia la kulia kwenye kibao kilichofuata.